Reli ya Zamani Haisemi Tena: Maisha ya Bibi Geti

"Mama alituchosha na reli yake akiwa hai. Sasa na kaburini twende nayo?"

Huyo ni Shangazi, binti mkubwa wa marehemu, jana sebuleni, mbele ya watu waliokuja kutupa pole. Alitaka wasifu huu uwe kama wa watu wengine: alizaliwa, akasoma, akaolewa, akaugua, basi. Baba mkubwa akamwambia, dada, ukitoa reli kwenye maisha ya mama unabaki na miwani na redio. Wengine wakacheka. Shangazi hakucheka. Akasema watu watatoka makaburini wakisema mama yetu alitaka kuua watoto wa watu. Hapo mimi, mjukuu niliyepewa kazi ya kuandika, nikafunga daftari langu.

Kwa hiyo mjue kabisa kwamba haya ninayowasomea hayakupita kwa amani. Na mkiona nasoma haraka mnisamehe. Sababu mtaipata mbele.

Marehemu bibi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Geti, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika nyumba ya geti la reli, ile ya matofali mekundu yenye dirisha moja. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti. Kazi yake ilikuwa kushusha mti wa geti treni ikikaribia na kuunyanyua ikishapita, na kutukanwa na wenye magari katikati ya hayo mawili. Ndani ya nyumba ile vikombe havikuwekwa ukingoni mwa meza, kwa sababu treni ikipita vilitembea. Marehemu alisema alipokuwa mtoto alilala vizuri treni zikipita. Siku treni ilipochelewa ndiyo aliamka akalia, na mama yake akajua huko mbele kuna tatizo.

Shule ilikuwa upande wa pili wa reli. Alianza darasa la kwanza mwaka 1959, akamaliza la saba mwaka 1965, kwenye shule hiyo hiyo tunayoiona kutoka hapa, yenye ukuta wa njano. Watoto hawakuvukia getini kwa sababu geti lilikuwa mbali. Walivukia njia ya mkato nyuma ya ghala, na pale kuna kona, treni huioni mpaka imeshafika. Ndipo baba yake akamfundisha. Piga goti. Weka sikio kwenye chuma. Shika pumzi. Ukisikia chuma kinanong'ona, rudi nyuma na wenzako. Usiposikia kitu, simama useme kwa sauti, "Kimya," ndipo mvuke. Kabla hajamaliza darasa la pili tayari alikuwa anavusha watoto wa mtaa mzima, wakiwemo wakubwa waliomzidi kimo.

Kuna mwalimu wa usafi, marehemu naye sasa, aliyekuwa akikagua masikio kila Jumatatu. Akakuta sikio moja la Bibi safi na la pili jeusi tii kwa grisi ya reli. Akamrudisha nyumbani akaoge. Jumatatu iliyofuata ni vilevile. Ya tatu akakuta nusu ya darasa wana sikio moja jeusi, akadhani ni ugonjwa, akaenda kumwita mwalimu mkuu. Wazee mlioko hapa mnatabasamu kwa sababu na nyinyi mlikuwa nalo. Baba mkubwa ananiambia kuwa na sikio jeusi kulikuwa ni heshima: maana yake wewe ndiye uliyewavusha wenzako siku hiyo, wao walikusubiri na wakakuamini.

Mwaka 1969 marehemu aliajiriwa shuleni hapo hapo kama mhudumu. Alifagia, alichota maji, alifungua madarasa na kugonga kengele, ambayo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye barua yake. Kazi ambayo haikuandikwa ni kwamba kila mwaka, watoto wa darasa la kwanza kabla hawajajua herufi hata moja, aliwapanga mstari nyuma ya ghala akawafundisha kusikiliza reli. Mimi alinifundisha. Baba yangu alimfundisha. Aliwafundisha karibu wote mliosimama hapa, na hakuna mtoto hata mmoja wa shule ile aliyegongwa na treni miaka yote aliyofanya kazi. Alistaafu mwaka 2011, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu. Asubuhi alikuwa pale pale.

Tarehe 9 Desemba 1973 alifunga ndoa na babu yetu, makanika wa karakana ya reli. Hii Shangazi mwenyewe amenikumbusha nisiiache. Babu alikuwa mtu wa aibu, hakujua aanzie wapi. Akajua kwamba yule dada wa shuleni kila asubuhi anaweka sikio kwenye reli, basi na yeye akiwa karakana akawa anaigonga reli kwa nyundo, taratibu, ili asikie. Marehemu akasikia kweli. Akawarudisha watoto nyuma, wakasubiri, treni haikuja. Kesho yake tena. Wiki nzima watoto wanachelewa. Mwalimu mkuu akamuuliza ni treni gani hiyo inayokuja kila siku na haifiki. Marehemu akafuata reli kwa miguu mpaka karakana, akamkuta babu ameshika nyundo, akamwambia, "Ukitaka kuniita, njoo mlangoni. Reli usiifundishe uongo."

Babu akaja mlangoni. Wakaishi pamoja mpaka alipofariki mwaka 2004, na Mungu aliwajalia watoto wanne.

Treni ya mwisho ilipita mwaka 2007. Baada ya hapo majani yakaota katikati ya mataruma, mbuzi wakahamia, karakana ikawa stoo ya mbao. Lakini marehemu hakuacha kufundisha. Seremala wa pale kwenye kona alikuwa akimtania, Bibi, unasubiri treni ya ahera? Marehemu akamjibu, "Reli haijang'olewa, na mimi sijang'olewa." Watoto waliendelea kupiga magoti na kusikiliza chuma kilichokufa, wakisema "Kimya" kama wanavyosema shikamoo. Ilishakuwa adabu. Mtoto anayevuka bila kusikiliza alionekana hana malezi.

Sasa nafika kwenye lile tulilogombania.

Mnajua kwamba reli inafufuliwa. Lakini reli mpya haikupita juu ya ile ya zamani. Imejengwa pembeni yake, kwenye tuta, ng'ambo ya ule mtaro. Ya zamani wameikata kule mbele ya kona na kuiacha imelala kwa sasa. Mtoto anayetoka shuleni siku hizi anavuka reli mpya, anaruka mtaro, halafu anaikuta ya zamani. Anayetoka nyumbani anaikuta ya zamani kwanza. Anapiga goti, anaweka sikio kama alivyofundishwa, hasikii kitu. Na hatasikia kitu kamwe, hata treni kumi zikija, kwa sababu chuma kile hakiungani tena na popote. Anasema "Kimya." Wenzake wanakimbia, wanapanda tuta bila kutazama, kwa sababu Bibi Geti alisema ukisema kimya ni salama.

Mwezi wa saba mwaka huu kichwa cha treni cha majaribio kilipita peke yake, bila mabehewa. Hivi vipya havina kishindo. Kitukuu wa marehemu aliye darasa la pili, yule tunayemwita Bosi kwa sababu ya kuamrisha watu, ndiye aliyesikiliza siku hiyo. Alisikiliza vizuri, hakufanya mzaha. Akasema "Kimya," akatangulia yeye. Fundi viatu mwenye kibanda pale alitupa kiatu cha mteja akamdaka kwa mkanda wa begi akiwa ameshafika juu ya tuta. Upepo wa kichwa uliwaangusha wote wawili mtaroni.

Fundi akamleta Bosi nyumbani amembeba. Sisi wote tukaanza kumgombeza mtoto, kila mtu na lake, Shangazi ndiye aliyekuwa mbele kwa sababu Bosi ni mjukuu wake. Fundi akasubiri tumalize. Halafu akamgeukia marehemu, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, huyu hakufanya utundu. Alifanya kama ulivyomfundisha."

 Marehemu alikaa kwenye kiti akamshika Bosi lile sikio, akawa analifuta kwa kidole.

Kesho yake akaenda kwa mwalimu mkuu, akaomba asimame mbele ya shule nzima. Akawaambia wanafunzi kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kusikiliza reli, na kwamba kuanzia siku hiyo wasisikilize, watazame, kushoto na kulia, hadi juu ya tuta. Akasema, "Reli ya zamani haisemi tena." Watoto wakampigia makofi. Na walipotoka, wengi wao wakaenda moja kwa moja relini kuweka sikio, ili wahakikishe kama kweli haisemi.

Toka siku hiyo marehemu hakupata amani. Alichukua kiti na mwavuli akawa anakaa pale asubuhi na mchana. Msimamizi wa ujenzi alimjibu kwa heshima kwamba uzio na kivuko vipo kwenye mpango, vitakuja baada ya majaribio. Marehemu akamwambia sawa mwanangu, nami nipo mpaka vije. Akiwepo, watoto walitazama. Akienda hata kunywa maji, magoti chini. Na si watoto tu. Siku moja alimkuta seremala, mtu mzima mwenye mvi, ameinama na sikio lake chini na mbao begani. Alimkumbuka hata jina lake la utotoni, akamwita kwa hilo, akamgombeza mpaka mbao zikadondoka.

Jana usiku Shangazi alikuja nilipokuwa naandika, akakaa kitandani. Akasema niandike nikitaka, ila nisiandike kwamba mama alikosea. "Andika kwamba reli ndiyo iliyohama." Nimeandika, Shangazi. Lakini na lile Bibi alilolisema mwenyewe mbele ya watoto nimelibakiza, kwa sababu sisi wote hapa tunamwamini yeye kuliko tunavyojiamini. Tusiposikia kwamba ni yeye aliyekataza, tutaendelea kuinama.

Marehemu alikuwa na presha kwa miaka mingi, na toka mwezi wa nane miguu ilianza kumvimba. Daktari alimkataza kukaa juani. Tarehe 5 Septemba alianguka pale pale kwenye kiti chake, tukamkimbiza hospitali. Moyo ulikuwa umechoka. Kila aliyekwenda kumwona, hata aliyebeba matunda na salamu nzuri, aliulizwa swali moja: nani yuko relini? Tulimjibu kwamba yupo mtu. Siku nyingine alikuwepo, siku nyingine hakuwepo, kila mtu alidhani mwenzake amekwenda.  Marehemu alitazama viatu vyetu. Akiona havina vumbi jeupe la kokoto, aligeukia ukutani.

Alifariki Jumapili tarehe 22 Septemba 2024, alfajiri, Baba mdogo akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wanne: Shangazi, Baba mkubwa, baba yangu na Baba mdogo. Ameacha wajukuu kumi na mmoja, vitukuu watatu, na mdogo wake wa mwisho ambaye amesafiri siku mbili kufika hapa. Ameacha pia wakwe, majirani, walimu aliofanya nao kazi na wanafunzi ambao hakuna mtu aliyewahi kuwahesabu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na inamshukuru fundi viatu kwa namna ambayo hatujui tuisemeje.

Ratiba inaonyesha sasa zinafuata salamu za majirani, halafu udongo. Baba mdogo ataendesha kuanzia hapa. Darasa la kwanza na la pili wanatoka shuleni saa tisa, na saa tisa imekaribia. Mwalimu mkuu amewaruhusu walimu waje kumzika Bibi, nashukuru, fundi viatu amefunga kibanda kwa heshima yake, seremala yuko hapa, majirani wote wa nyuma ya ghala wako hapa. Kwa hiyo mkijiuliza ni nani yuko pale muda huu, jibu mnalo.

Shangazi, udongo wangu naomba unitupie wewe. Bibi yetu apumzike, wasiwasi wake ameshatuachia sisi. Atakayetaka kunifuata anifuate, mimi natangulia relini.