Fremu ya Nne

Hiltje aliegemea dirisha la treni ya kwenda Assen, Uholanzi, akijifanya amelala, maana umbeya mzuri husikilizwa macho yakiwa yamefumbwa. Mbele yake, kijana aitwaye Wouter alikuwa amepakata fremu ya baiskeli, ya chuma, kaiviringishia blanketi kama mtoto mchanga. Mzee Sjoerd, aliyeketi kando ya kijana huyo ingawa hata hawakuwa wakijuana, aliigonga kwa kidole. "Chuma safi hiki, kaka. Utaifunga breki gani?"

"Hizi hapa," Wouter akazitoa mfukoni, zinang'aa. "Zinabana rimu ya gurudumu kama koleo."

Mzee akazipimia kwenye fremu, akaguna. "Fremu hii ni ya magurudumu makubwa ya zamani. Ukitia ya siku hizi, breki zako hazifiki kwenye rimu. Zitabana hewa."

Nchi yenyewe haina hata kilima cha kuteremka, Hiltje akawaza, na hawa wanaumizwa kichwa na breki.

"Basi nitatafuta fremu nyingine inayofaa breki hizi," Wouter akasema, kisha akanywea. "Ila mke wangu ameapa, fremu ya nne ikiingia chumbani, yeye anatoka. Na ya nne ndiyo hii."

"Nne tu? Mimi nilifika tisa!"

"Na mama watoto hakusema kitu?"

"Hata neno. Alipanda moja akaenda zake. Tena ile pekee ambayo breki zake zilikuwa zinafika."

Treni ikasimama. Nje, mwanamke alikuwa akimpungia Wouter mkono kwa furaha, mpaka alipoliona lile blanketi.