Mantra Nitaisema Mwenyewe

Sogeeni, wanangu, mkae mahali nitakapowaona wote wawili bila kugeuza shingo. Mwanaasha, huku kichwani, karibu na mto wangu. Saburi, usijifiche mlangoni kama mgeni, kaa hapa miguuni. Najua hamsemeshani. Tangu siku ile ya wodini mnanipitia kwa zamu, dada akiingia mdogo wake anatoka, mkidhani mgonjwa haoni. Naona. Leo nimerudishiwa sauti kidogo, na daktari hakunificha kwamba haitakaa, basi nisikilizeni kabla haijaniponyoka, maana ninayotaka kusema ni mepesi kuliko mnavyoogopa.

Nianze na vitu, vituondokee njiani. Nyumba hii ya Kibaha ni ya Mwanaasha, aliyeihangaikia maji na umeme tangu miguu yangu ilipoanza kunikataa. Kiwanja cha Zegereni ni cha Saburi, na nakuomba, baba, usikiuze kwa mwenye kiwanda wa kwanza atakayekushukia na gari la vioo vyeusi. Wewe mwenyewe kibarua chako ni kiwandani, unajua wanavyokuwa watamu wakitaka kitu. Shamba la Marui na mikorosho yake ni lenu pamoja, wala halikatwi, kwa sababu mama yenu Mwanahalima amelala pale na sitaki kaburi lake liwe mpaka wa mtu.

Mwanahalima alikuwa shoga yangu tangu usichana, mimi binti wa Mhindi mwenye duka pale Marui, yeye binti wa mkulima wa ng'ambo ya barabara. Alipougua ule ugonjwa uliomchukua, baba yenu akiwa ameshatangulia, alinishika mkono akaniambia, "Kanta, wanangu wabaki Waislamu." Hakuniomba kingine. Ndugu zangu walikuwa wamehamia Uingereza, mume wangu amefariki, na mtoto sikujaliwa. Nikawachukua ninyi wawili, nikawapeleka chuoni kwa maalimu, Ramadhani nikawaamsha kula daku, nanyi mkaniita Ba, kama sisi Wagujarati tunavyomwita mama. Ahadi ile niliishika mpaka leo, na nitaishika mpaka nifumbe macho.

Lakini mlikua mkiniona kila alfajiri nimeshaoga, nimekaa mkekani, nimeelekea mashariki, mkono mmoja umo ndani ya mfuko wa kitambaa na midomo inacheza. Hamkuniuliza, kwa adabu zenu, na watu wa nje wakawajibu kwa niaba yangu. Mzee Latifu aliwatangazia watu wa Marui kwamba mle mfukoni mna nyoka ninayemlisha maneno. Mna shanga, basi. Zinafichwa ili ibada isiwe maonyesho. Unazivuta moja moja kwa kidole gumba na cha kati, na kidole hiki cha shahada, ambacho ninyi mnakiinua kumshuhudia Mungu, sisi tunakiweka kando, maana ndicho tunachonyooshea watu na kujipigia kifuani tukijisifu. Ukiufikia ule ushanga mkubwa huuvuki, unageuza na kurudi ulikotoka, kwa heshima. Hiyo ndiyo kazi yangu yote ya alfajiri. Latifu nilimkasirikia miaka mingi, na sasa sina tena nguvu za kumkasirikia. Akija msibani mpeni kiti kizuri, mgongo unamsumbua.

Na maneno yenyewe, ndiyo mantra yangu, ni haya, Mwanaasha, usishtuke, kuyasikia si kuyasema: Om Dum Durgayai Namah. Om ni sauti ya kufungulia, nasi tunaamini ilitangulia kila kitu. Dum haina tafsiri, ni sauti yake mwenyewe Durga, mama anayepanda simba na kushika silaha, tunayemkimbilia dunia ikitubana. Namah ni kumwinamia. Hakuna aliyetajwa mle kwa ubaya, hakuna aliyelogwa. Mama yangu alinifundisha tukichambua mchele dukani, na mimi kwa utoto nikamuuliza, mbona unamwita kila siku, kwani bado hajaitika? Akacheka. Akaniambia, "Wewe ukiwa uani huita Ba, Ba, nami nikikuitika huna la kusema. Unataka kujua tu kama nipo." Wako wanaoisoma wapate hiki na kile, siwalaumu. Mimi niliisoma nijue kwamba yupo, na nikishajua niliinuka nikaenda kuwapikia uji.

Sasa, kwetu mtu akiwa anakata roho, mwanawe humsomea jina la mungu wake sikioni, aondoke nalo. Hilo lilinitia hofu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa na watoto wawili wema kuliko wa kuzaa, na jina hilo lilikuwa mwiko midomoni mwao, kwa ahadi niliyoitoa mwenyewe. Watu wa hekalu la Dar walipokuja kunitazama wakamwambia Saburi desturi yetu, naye akaapa kwamba atanisomea. Mwanaasha akasikia, akasema hiyo ni shirki na mama yenu aliacha neno. Mlikuwa mnanipenda wote, na penzi lenu likaniweka katikati nikavutwa huku na huku.

Kisha kiharusi kikaniangusha. Pale wodini mlidhani sisikii, kumbe nasikia mpaka ndala za wauguzi. Saburi ukaniwekea simu sikio la kushoto, na mantra uliyoitafuta mtandaoni. Mwanaasha ukaniwekea yako sikio la kulia, na Yasini. Huyu akipandisha sauti, yule anapandisha, mpaka mama wa kitanda cha jirani akaanza kumwita Yesu amnusuru. Na nikwambie, Saburi, jambo ambalo limenikaa kooni tangu siku hiyo: ile haikuwa mantra yangu. Ilikuwa ya Lakshmi, wanayosoma wafanyabiashara wafungue duka na faida iingie! Mimi nimelala nusu ya mwili imekufa, na mwanangu ananiombea wateja. Chekeni. Cheka, Mwanaasha, usizibe mdomo, mwone mwenzio naye anacheka. Mimi nilicheka kabla yenu, ndani kwa ndani, kwa kuwa uso ulikataa.

Muuguzi akawafukuza wote wawili na simu zenu, na wodi ikatulia. Nikasema moyoni, haya, Kanta, umebaki peke yako, ulimi haunyanyuki, mkono wa shanga ndio huo umekufa, utamwita kwa kitu gani? Nikasikiliza. Wanangu, ilikuwa inaendelea. Bila mdomo, bila shanga, bila mimi kuianzisha, inakwenda yenyewe pamoja na pumzi. Mama alinieleza kwamba inasomwa kwanza kwa sauti, halafu kwa midomo tu, halafu moyoni, na wengine hufika mahali ikajisoma. Hilo la mwisho nilidhani ni maneno ya kutia watoto hamu. Nililia kwa furaha, ninyi mkarudi mkayaona machozi, mkaita daktari anidunge sindano ya maumivu.

Basi nifungulieni masikio. Saburi, kiapo chako nakufungua, hutanisomea. Mwanaasha, tua mzigo, hakuna atakayekuomba umwinamie mungu wangu. Hofu ile imenitoka, nimekuwa mwepesi, na ninyi nataka muwe wepesi hivyo hivyo. Nikifa, waiteni watu wa hekalu. Wataniosha wao, wataniwashia moto wao, ninyi mtasimama tu mnisindikize. Shanga ziende pamoja nami, sitaki zibaki kumgombanisha mtu. Majivu mtayapeleka Ruvu, upande wa Gwata, kwenye maji yanayotembea, na mtakwenda kwa gari moja... moja, nimesema. Ukitaka kuniombea kwa dini yako, Mwanaasha, niombee, nitashukuru.

Ngojeni... nivute pumzi. Nipeni vichwa vyenu. Mungu wa mama yenu awalinde, na Durga, mama yangu, awalinde pale mtakapomsahau Mungu wenu kidogo. Mpate watoto wenye kicheko. Msiamke hata siku moja mkiwa hamsemeshani.

Sasa tokeni... nendeni mkale. Kuna wali na samaki, mpakue sahani moja... Mlango msiufunge, acheni wazi hivyo hivyo.

Ni nani anasema chumvi imezidi? ... Mjibu, Saburi, usinyamaze... Ehe. Bishaneni... nawasikia, bishaneni tu... mimi huku sina neno.