Makorora Wapangiwe Saa Kumi

Pale Bellevue, mtaa wa ugenini uliojaa wahamiaji, mbele ya chumba cha cherehani cha Bakiri, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Anayekaa upande wa tofali huwa habishi sana, maana yeye akitikisika wote wanatikisika. Asubuhi ile ya Jumamosi benchi lilijaa, birika la Zubeda muuza kahawa lilikuwa juu ya mkaa, na Bakiri mwenyewe, fundi nguo na katibu wa Ligi ya Majirani, alikaa na daftari gotini akijifanya hana haraka. Kumbe anayo. Ratiba ya msimu ilitakiwa iingie kwenye grupu la simu kabla ya adhuhuri, na timu yake, Makorora, ilikuwa imeshika mkia mwaka jana. Sheria ya ligi haina huruma: ukishika mkia mara mbili mfululizo, timu inavunjwa na wachezaji wake wanagawiwa timu nyingine. Makorora aliianzisha yeye, mwaka ule aliofika kutoka Tanga, na jezi zake alizishona kwa mkono wake. Alikuwa radhi kung'olewa jino bila ganzi kuliko kuziona zinageuka matambara.

— Jamani, Bakiri alianza kwa sauti ya mtu asiye na dhambi, timu ziko kumi na mbili, tumekuwa wengi. Msimu huu tunagawa divisheni mbili. Mpaka ni barabara ya Rockey. Anayekaa juu yake ni Kaskazini, anayekaa chini ni Kusini. Kila timu icheze na za upande wake tu.

Placide akainua uso polepole. Huyu ni bwana wa Lubumbashi, kocha wa Katuba, na kijiweni anaitwa Waziri, kwa sababu hata akienda spaza kununua mkate huvaa koti na tai.

— Na Katuba iko wapi, Katibu?

— Nyie mko Troyeville. Kusini.

— Na Makorora?

— Kaskazini. Ni jiografia tu, ndugu yangu. Mimi sina mkono hapo.

— Ah bon. Mwaka jana tuliwafunga saba bila. Mwaka huu jiografia imefika. Sasa tutakutana siku gani?

— Labda fainali.

— Makorora? Fainali?

Benchi zima likacheka mpaka tofali likasogea. Bakiri naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Yasini ndiye aliyeharibu mambo. Kazi yake kufunga madishi ya televisheni, na akishafunga moja hukaa mbele ya televisheni kulijaribu mpaka mwenye nyumba amfukuze. Jina lake la kijiweni ni Satelaiti.

— Divisheni zimepitwa na wakati, alisema. Angalieni vyuo vya Amerika, wale wanaocheza mpira wa kushika kwa mikono, na kofia ngumu kichwani. Wana ligi inaitwa Kumi Kubwa. Mnajua ina timu ngapi?

— Kumi, alisema Zubeda huku akimimina.

— Kumi na nane!

— Eish! Na hao ndio wasomi?

— Walikuwa na Mashariki na Magharibi. Basi kila mwaka Mashariki anachukua kombe, Magharibi anakwenda fainali kuchinjwa. Miaka nenda rudi! Mwisho wakafuta divisheni zote. Sasa wote wako chungu kimoja, na kila mtu anapangiwa wa kucheza naye kwa hesabu, maana huwezi kucheza na wote. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Hiyo inahusu nini? aliuliza Zubeda.

— Inahusu uwanja. Usiwe wa sakafu.

Bakiri akaona afadhali. Chungu kimoja si kibaya, mradi mpishi ni yeye.

— Basi mimi nitapanga kwa hesabu, alisema haraka. Kila timu mechi nane. Wengine mtakutana, wengine hamtakutana, bahati tu.

— Ngoja, sijamaliza, Satelaiti alidakia. Mahasimu wa jadi wanalindwa. Wale waliozoea kugombana hawaachanishwi, lazima wakutane kila mwaka, mvua jua.

Bakiri alitamani kummwagia kahawa.

— Voilà! Placide alipiga goti. Mahasimu! Nani hapa ana hasimu kama miye na huyu? Tunapigana tangu mwaka wa kwanza. Katuba na Makorora, andika! Ilindwe na polisi kama inaweza.

— Lakini Waziri, hasimu ni mtu mnayefungana. Nyie mnatufunga tu.

— Hasimu ni hasimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyie mukuje, sisi tupone.

Wote wakakubali. Mkono wa Bakiri ukaandika Katuba na Makorora, na wino ulikuwa mzito kama wa hati ya talaka. Aliogopa, na hakuwa na namna ya kuificha hofu ile isipokuwa kuomba kikombe cha pili.

Hapo ndipo Suhaib akakohoa. Huyu anaziba mapaa yanayovuja, wanamwita Bati, na ndiye aliyekaa upande wa tofali, kwa hiyo akisema neno wote husikia mpaka makalioni.

— Mmesahau kitu kimoja. Radi.

— Radi imefanyaje?

— Uwanja wetu wa Bez Valley una mechi tatu kila Jumapili. Saa nne asubuhi, saa saba na saa kumi. Mimi naishi kwa mvua, naijua. Ikifika Januari, saa nne jua, saa saba jua, saa kumi mbingu zinapasuka. Refa anapuliza, watu wanakimbilia kwenye kombi. Na sheria yetu inasemaje mechi ikikatwa na radi?

Bakiri alifunua kurasa za nyuma za daftari.

— Pointi moja kwa kila timu, Bakiri alinong'ona. Hairudiwi.

— Ndiyo hivyo. Kwa hiyo kama mnataka usawa wa kweli, acheni mambo ya divisheni. Gawaneni radi.

Bakiri aliinamisha uso ili watu wasiuone ulivyong'aa. Akaandika pole pole: Katuba na Makorora, Jumapili ya pili ya Januari, saa kumi.

— Katibu, umeandika saa ngapi? Placide alichungulia.

— Saa kumi. Jua limepoa, wachezaji wanapumua.

— Jua limepoa! Ule mutu mwizi! Miye nina watu wa kufunga saba, unaniletea radi?

— Mwenye nguvu mpishe, Waziri. Mpishe Mungu.

Placide alivuta pumzi ya kugomba, kisha akaisitisha. Akapiga hesabu kwa vidole.

— Bon. Sawa. Lakini Katuba na wale Waburundi wa Berea, wanaotusumbuaka kila mwaka, nayo weka saa kumi.

— Na timu yetu sisi na ile ya Mombasa, alisema Satelaiti. Wana mshambuliaji mmoja kama treni. Saa kumi.

— Na timu yangu na Mombasa pia, alisema Bati.

— Mombasa wenyewe je? aliuliza Zubeda.

— Mombasa wanamwogopa Waziri, alijibu Bati. Saa kumi!

Kalamu ilikimbia. Kila mnyonge alipewa radi dhidi ya mbabe wake, na kila mbabe alipewa radi dhidi ya mbabe mwenzake. Saa kumi zilipojaa, Jumapili zikaongezwa mpaka Machi. Asubuhi zilibaki kwa mechi zisizomtisha mtu. Walipomaliza, walikiri wenyewe kwamba hata Amerika hawajawahi kupata ratiba yenye haki kama ile. Bakiri akaipiga picha, akaituma kwenye grupu.

— Sharp, mambo sawa, alisema, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri kahawa ikamwonyesha ladha yake.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama muda wote na kikombe mkononi. Ni Nasra, mgeni kutoka Unguja, wiki ya tatu mjini, amepanga chumba kwa Zubeda. Aliomba radhi kwanza, kama wafanyavyo watu wa kwao.

— Samahanini, kaka zangu. Na mvua isiponyesha?

Satelaiti alitazama juu, alikozoea kuelekeza madishi. Hapakuwa na wingu hata moja. Placide alianza kutabasamu taratibu, akalegeza tai yake.

Jibu Bakiri alilijua, nalo lilikuwa saba bila. Aliona aibu. Aliingia ndani bila kuaga, akasimama kati ya cherehani zake, akaona dawa iliyobaki ni mazoezi, akaandika kwenye grupu la Makorora, ambalo hadi siku hiyo lilikuwa likiitia watu misiba tu: "Wachezaji wote mfike kwangu leo saa kumi na moja jioni, bila kukosa."

Jibu la kwanza lilitoka kwa golikipa.

"Innalillahi. Nani katutoka?"