Mzee Muia na Pipa Lisilotoa Moshi

Mzee Muia Kaloki anastaafu Alhamisi, tarehe 31 Desemba 1987, baada ya miaka ishirini na tatu ya kugonga mabati katika Karakana ya Tumaini, Kawangware. Mimi Khamala nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu nilifika darasa la sita, na hapa kwetu hiyo ni kama digrii.

Alitoka Kitui mwaka 1964 na nyundo moja. Bwana Gachanja alikuwa ameanza kununua mapipa yaliyotumika ya rangi, kuyakata na kuyageuza makarai. Ila uchafu ulioganda ndani lazima utoke kwanza, na dawa ilikuwa moto: tia tairi kuukuu, washa, kimbia. Biashara ilivyokua, moshi nao ulikua. Jirani yetu Mama Wagaki aliacha kabisa kuanika shuka nyeupe. Mafundi hawakujali, walikuwa vijana, walikohoa wakaendelea.

Shida ni kwamba vijana hao walizeeka wote pamoja. Kufikia 1981, kati ya mafundi kumi na mmoja, wanane walikuwa wamekaribia hamsini. Pipa likiwaka, nusu ya karakana iko nje inashika kifua. Kazi ikashuka, na Bwana Gachanja akaanza kusema afadhali awaondoe wazee achukue damu changa.

Mzee Muia hakubishana. Alichukua ekseli ya mkokoteni, akalaza pipa juu yake, akatia mchanga na kokoto ndani, akafunga mkono wa kuzungushia. Kisha akaweka benchi, maana magoti yake yalikuwa yamechoka kusimama. Fundi anakaa, anazungusha, anapiga hadithi, pipa linajisugua lenyewe. Hakuna aliyefutwa. Mwaka uliofuata tulitoa makarai mengi kuliko zamani, na shuka za Mama Wagaki zikarudi kwenye kamba.

Nilipoajiriwa 1984 niliuita mtambo huo mashine ya kusagia unga wa wasio na meno. Ijumaa moja nikachoma mapipa matatu nyuma ya choo kabla Mzee hajamaliza moja. Nilijisifu hadi mtaa wa Sarang'ombe. Sasa, Mzee ana desturi ambayo hakuna aliyemtuma aifanye: kila Jumamosi hutembea hadi Makina kugonga makarai yetu madukani, asikie kwa mlio kama bati bado ni zima. Baada ya miezi miwili alirudi na makarai matatu ya mapipa yangu. Moto ulikuwa umekula bati likatoboka. Hakuniripoti. Alijaza maji moja, akanipa nimshikie, akaenda kunywa chai huku viatu vyangu vikilowa.

Mwezi uliopita Bwana Gachanja alitangaza kwamba wazee watano waliobaki, Mzee Muia akiwamo, wakiondoka, moto utarudi. Vijana hawana kikohozi, alisema, na karakana ikue. Tulikuwa tumechanga kumnunulia Mzee blanketi la kuagia. Alilikataa mbele yetu sote, akamgeukia Bwana Gachanja.

"Mimi naenda na kifua changu," alimwambia. "Hawa nao watazeeka, Gachanja. Waachie benchi."

Bwana Gachanja, ambaye naye ana mvi, alikubali kutujaribu. Akatupa hadi Pasaka: tukisugua mapipa mengi kama ya moto, hakuna kuwasha tena. Siku ya kwanza tulipungukiwa na manne. Juzi mawili. Anayezungusha haraka kuliko wote simtaji, ila alifika darasa la sita.

Mzee, asante kwa nyundo, kwa subira, na kwa viatu vyangu vilivyolowa. Blanketi utalichukua ukitaka usitake. Mkeo, Mama Nthenya, tayari amelipokea. Pumzika vizuri huko Kitui, vuta hewa safi, na Pasaka uje Makina ugonge makarai yetu. Likilia vibaya hata moja, niite nishike maji.