Bi Thuwaiba na Nukta ya Siyu

Na Ghada Obeid, Maabara

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Bi Thuwaiba Athman atavua koti jeupe la maabara baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchambua mchanga. Hatutii chumvi. Tangu 1994 kazi yake katika kituo chetu hapa Lamu imekuwa kuchota au kupokea mchanga na matope ya chini ya bahari, kuyachekecha, na kutoa humo vijidudu wa jamii ya kamba na kaa, wengi wao wadogo kuliko punje ya mchele. Huwatenga aina kwa aina, huwahesabu miguu na vinyweleo kwenye hadubini, kisha huweka nukta kwenye ramani kuonyesha kila aina inaishi wapi.

Majirani zake wa Langoni walichukua muda kuielewa kazi hii. Mwanzoni walimuuliza wadudu hao hupikwa vipi, naye akawajibu kwamba kumshibisha mtu mmoja kungehitaji kuchekecha mkondo mzima. Yeye mwenyewe siku hizi hali uduvi mpaka kwanza awageuze, awatazame matumbo. Watoto wake wamezoea kula bila kumngoja. Na mtu huyu anayeona kiumbe wa milimita mbili ndani ya sinia la matope hushindwa kuona funguo zake zilizo mkononi mwake.

Wageni kazini wanamjua kwa jambo jingine. Kila chupa hutiwa ndani kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu spiriti inayohifadhi viumbe hufuta wino. Yeyote aliyeonekana karibu na chupa akiwa na kalamu ya wino alinyang'anywa papo hapo. Juzi, Bi Thuwaiba alipokuwa akikabidhi droo zake, tulikuta kalamu arobaini na saba, tatu zikiwa za mkuu wa kituo, Dkt. Jabez.

Lakini tukimsifu bila kulitaja kosa lake, atatunyang'anya na karatasi hii.

Mpaka mwaka 2012, kijidudu mmoja mwenye miguu ya manjano alijulikana kuishi Ras Kitau tu, kwenye mchanga mweupe wa Manda. Bi Thuwaiba akamkuta ndani ya chupa ya matope ya Siyu. Siyu ndiko alikozaliwa yeye mwenyewe. Nukta ilipowekwa alipiga simu nyumbani, na kufikia Ijumaa watu msikitini walikuwa wakimpongeza kaka yake, Barka, kwa ugunduzi ambao hakuuelewa hata kidogo. Dkt. Jabez aliandika makala, na jina la Bi Thuwaiba likawekwa la pili, baada ya lake. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akitajwa chini kabisa, kwenye mstari wa shukrani, pamoja na nahodha wa boti. Alilisoma jina lile mara ngapi hatujui, ila karatasi ilichakaa.

Siku moja kabla ya makala kupelekwa kuchapishwa, alimrudisha yule kijidudu kwenye hadubini ili amchore. Akaona punje tatu za mchanga mweupe zimenasa kwenye vinyweleo vya miguu. Mkondo wa Siyu ni matope meusi matupu. Hapo akakumbuka. Siku aliyotoka Ras Kitau alikuwa akiwahi boti ya Mtangawanda, gati wanaloshukia watu wa Siyu, kwa sababu kesho yake kulikuwa na harusi ya mpwa wake huko Siyu. Sheria yetu ni kuosha chekeche mara tatu kwa maji matamu kabla ya kulipeleka mahali pengine. Yeye alilifunga ndani ya leso jinsi lilivyo, akaenda kuimba harusini, na siku ya pili akachekechea matope ya Siyu.

Hakuna aliyejua ila yeye, na angeweza kunyamaza. Badala yake aliibeba hadubini hadi ofisini kwa mkuu, akaiweka juu ya makala yenyewe, akasema, "Mtanga huu si wa Siyu. Ni wa Ras Kitau, na nimeuleta mimi."

Dkt. Jabez alijaribu kubisha kwamba punje tatu si ushahidi, huenda zilisukumwa na maji. Bi Thuwaiba alisimama pale pale mpaka mkuu akatazama. Makala ikaondolewa, na jina lake likaenda nayo. Nukta aliifuta mwenyewe kwa raba. Kisha akajifungia kwenye stoo ya chupa, akalia, na sisi tuliokuwa nje tukajifanya tunatafuta funguo zake. Iliuma, na bado inatuuma.

Tangu hapo, kila likizo, maji makubwa ya bamvua yakitoka na kuacha matope wazi, yuko Siyu na chekeche lililooshwa. Kijidudu yule hajampata. Barka anatuambia watu wa mji wanaamini dada yake alidondosha pete.

Mwaka jana alikuja mtaalamu mgeni, Bi Mourine, kukagua kama nukta zetu mia mbili na kumi na nne zinalingana na chupa zilizomo stoo. Siku ya kwanza aliona alama ya raba pale Siyu, akauliza, akasimuliwa. Akafunga daftari lake na kusema kwamba zilizobaki hana haja ya kuzikagua. Bi Thuwaiba alimshukuru, akamvutia kiti, akamfanya azikague zote. Ilichukua wiki tatu. Hakuna hata moja iliyokosewa.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, tulitarajia leso au saa ya ukutani. Ameomba lile chekeche la zamani, kwa kuwa anarudi kuishi Siyu. Tumeliosha mara tatu, mbele yake, na akadai ya nne.

Ahsante, Bi Thuwaiba, kwa kutufundisha kazi na kutufundisha haya. Mola akupe afya, mato mazima ya kuonea vijidudu na bamvua nyingi. Nafasi ya Siyu kwenye ramani hatutaigusa mpaka wewe mwenyewe useme.