Foronya Mbili za Walburga Kapinga

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Walburga Kapinga anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi mitano katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu hapa Songea. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, lakini chumba kina mafundi wawili tu, na kesho yake nitabaki mimi na cherehani iliyofunikwa.

Alizaliwa Hanga, akaajiriwa Februari 1994. Shuka za wodini, magauni ya chumba cha upasuaji, na sanda za marehemu wasio na ndugu, zote zimepita chini ya sindano yake. Sanda alizishona kwa uangalifu uleule wa shuka za watoto wachanga. Alisema mwenye sanda harudi kulalamika, kwa hiyo fundi aone haya mwenyewe.

Mambo anayoyapenda hakuwahi kuyafurahia peke yake. Saa ya chakula alifundisha kufuma vitambaa yeyote aliyepita mlangoni, redio yake ikitangaza mpira. Mathias, dereva wa gari la wagonjwa, alifuma kitambaa kikatoka na pembe tano, na mpaka leo kimetandikwa kwenye dashibodi. Timu ya Walburga ikifungwa, siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwomba mkasi.

Agosti 2023 alianguka kwa kiharusi akiwa mezani anakata. Upande wa kulia ukafa, maneno yakakwama. Siku ya tatu paroko alimpa Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya walio hatarini kufa. Nilirudi chumbani nikajiona nimeshaachwa. Sikutaka afunikwe kwa kazi ya fundi mwingine, basi nikamkatia sanda, nikaishona, nikabandika karatasi ya jina lake kama tufanyavyo, nikaificha chini kabisa kabatini.

Hakufa. Binti yake, Careen, alimwekea rozari kwenye mkono uliokufa, naye akaanza kuhamisha punje moja moja kwa kidole kisichosikia. Krismasi alimaliza kumi la kwanza la rozari. Makumi yote matano aliyafikisha Pasaka. Alisema Mama Maria hana haraka. Mimi nilimsindikiza mazoezini kila Jumanne na sikuomba hata Salamu Maria moja, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshamzika.

Julai 2024 alirudi kazini. Mkasi mkubwa haukumrudia mkononi, basi mimi nilikata, yeye akashona, polepole. Siku hizi shuka zinanunuliwa zikiwa tayari, na sijui chumba chetu kitafika lini mwisho wake. Nikimwangalia akishona, nilichokuwa nakiona ni lile kabati.

Wiki mbili zilizopita, akikusanya vitu vyake, aliikuta ile sanda. Akasoma jina. Akaikunjua, akajipimia kutoka kidevuni.

“Rupert, umenipunja,” alisema. “Miguu ingebaki nje.”

Nililia mbele yake, mtu mzima wa miaka hamsini na minne. Nikamweleza yote: kwamba yeye aliposhika rozari, mimi nilishika mkasi. Hakunihubiria. Aliomba wembe, akafumua mishono yangu mmoja mmoja kwa mkono uleule wa kulia, siku tatu nzima. Kitambaa kikatoa foronya mbili, akazifumia ukingo. Moja ameipeleka kwake Lizaboni. Nyingine alinipa mimi, na mpaka leo sijathubutu kuilalia.

Da Walburga, wafanyakazi wote tunakushukuru. Kalime mahindi yako shambani Mshangano, na redio uifungulie sauti unayotaka, hakuna mgonjwa wa kumsumbua. Foronya yako na ichakae, uitie kiraka, ichakae tena, wewe ungali unailalia.

Rupert Haule
Fundi, chumba cha ushonaji