Kilichomharibu Mwenye Koti

Siku ile kijiweni walikuwepo Soli, fundi viatu. Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamgomea. Chaji, fundi simu. Kinyozi mwenyewe, maana benchi liko nje ya mlango wake. Na Mama Kidoti, ambaye si mtu wa vijiweni. Alikuja akaomba samahani kabla hata hajasalimia. Breki alisogea mpaka nusu ya mwili wake ikawa hewani. Soli akaipangusa nafasi kwa kitambaa kisafi, si kile cha rangi ya viatu. Chaji akajichukulia kikombe chenye ufa, akampa mgeni kizima. Mama Kidoti aliyaona hayo yote.

— Karibu kahawa, shemeji, alisema Breki. Una neno, au umepita tu?

— Nina neno, kaka zangu. Ni la kijinga kidogo.

— Basi umefika penyewe, alisema Soli.

Neno lilikuwa hili. Hospitali ya mji wa mbali ilimtaka Mama Kidoti akafue mashuka, na ilitaka jibu siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi. Kidoti angebaki kwa bibi yake. Mambo yalikuwa yamepangika vizuri mpaka Alhamisi, alipomleta mtoto hapa kunyolewa. Kwa Kinyozi kuna televisheni, na televisheni ile siku zote inaonyesha katuni moja ya Kijapani, yenye adui wa koti refu jeusi anayechoma miji kwa kiganja cha mkono. Mama alitoka nje kuongea na simu ya hospitali. Mtoto, akiwa amekalishwa juu ya ubao kwenye kiti cha kunyolea, akaona jinsi adui yule alivyokuwa utotoni: mwanamke wa gauni jeupe anafunga geti, mtoto mdogo anabaki nje. Usiku akauliza, mama, yule alikuwa mbaya kwa sababu mama yake aliondoka? Tangu hapo hali chakula vizuri, na anamfuata mama yake mpaka mlangoni pa choo.

— Nilimwambia nitauliza, alisema Mama Kidoti. Nyinyi ndio mnaoitazama. Kwani yule mtu aliharibikaje?

Wanaume walikaa sawa. Swali kama hilo haliletwi kijiweni kila siku.

— Jepesi hilo, alianza Soli. Ni viatu. Hukuona? Mtoto yuko pekupeku kwenye theluji. Baridi ikiingilia nyayoni haitoki tena, inapanda mpaka rohoni. Angepewa hata ndala tu, leo tusingekuwa na adui.

— Theluji gani? Breki alimkata. Yale ni majivu. Mji ulishaungua kitambo. Sasa jiulize, nani aliuchoma, na mtoto bado mdogo? Yule yule mwanamke wa geti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Kwa hiyo mbaya alikuwa mama? aliuliza Mama Kidoti, na kikombe kikatulia njiani kabla ya kufika mdomoni.

Breki alimwangalia usoni, akapiga breki kweli.

— Mimi nimesema mama? Nimesema mwanamke. Anaweza kuwa jirani.

— Jirani anafunga geti la watu? alisema Chaji. Nyie wazee hamjui kitu. Walikuwa mapacha. Mmoja alibaki ndani, ndiye stelingi. Mmoja alibaki nje, ndiye adui. Mama alikuwa na mkono mmoja tu wa kushika.

— Huyo pacha wa ndani ulimwona? aliuliza Breki.

— Kumwona sikumwona. Nilikuwa nimeinamishwa kichwa, nanyolewa kisogo. Nilipoinuka nikakuta huyu yuko nje, na yule stelingi anakula mezani. Nikaunganisha mwenyewe.

Soli aliweka kikombe chini.

— Hata mimi nilikuwa nimeinamishwa hapo hapo. Niliona miguu ya mtoto, halafu nikaona mapaja yangu, halafu koti.

— Na mimi, alisema Breki polepole. Niliona geti. Halafu kidevu kifuani.

Wote wakamgeukia Kinyozi, ambaye alikuwa akikung'uta brashi mlangoni.

— Msinitazame hivyo. Kisogo hakinyoleki mtu akitazama mbele. Samaki mkunje angali mbichi.

— Wewe basi tuambie, alisema Chaji. Wewe hujainamishwa na mtu.

— Mimi naipa televisheni mgongo tangu niinunue. Nikiitazama, nitakata sikio la mtu.

Mama Kidoti akauliza kama katuni ile haina maneno. Kinyozi alisogea karibu na kushusha sauti. Alisema maneno yapo, ila sauti imezimwa tangu mama mkwe wake alipotolewa hospitali, maana kitanda chake kiko nyuma ya pazia, pale pale ndani. Chini ya picha hupita maandishi, lakini hupita mbio kama abiria wanaokimbilia basi. Mama Kidoti alitazama lile pazia la maua, lililofuliwa na kunyooshwa.

— Mie nadhani ni nywele, alisema Kinyozi kwa kuwa sasa alikuwa ameulizwa. Tangu geti lifungwe, nani alimnyoa yule mtoto? Hakuna. Zikaota mpaka machoni, wateja ndivyo wanavyosimulia, zikawa nyeupe, akawa haoni watu vizuri. Mtu usiyemwona vizuri ni rahisi kumchoma.

— Hapo umesema, alisema Soli, ingawa hakuiacha hoja yake ya viatu.

— Ngojeni, ngojeni, alisema Chaji. Mnasahau koti. Mtoto alikuwa hana koti, ghafla analo. Limetoka wapi? Lilikuwa linamsubiri. Adui si mtu, adui ni koti. Mtoto alishamalizwa zamani, lililobaki linatembea lenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema mapema kabisa.

— Uongo huo, alisema Breki. Nimelala nalifikiria jambo hili. Yule mwanamke na yule mtoto ni mtu mmoja. Alikua, akachoma miji, akachoka, akarudi nyuma miaka, akajifungia geti yeye mwenyewe asije akaingia.

— Kwa hiyo alijizaa?

— Mwana hutazama kisogo cha nina, Soli. Umesikia? Kisogo. Kila kitu kiko kwenye kisogo, na hapo ndipo sote tulipoinamishwa.

Soli aliinua kiatu cha mtu na kukitazama ndani, kama jibu limeangukia humo.

Mama Kidoti alikuwa amekuja na swali moja, na sasa alikuwa na theluji, majivu, pacha, nywele, koti na mwanamke aliyejizaa. Angemwambia nini mtoto wa darasa la kwanza? Alitazama saa ya ukutani kupitia mlangoni. Ilikuwa imeshapita tisa na nusu. Macho yakamjaa machozi, akajifanya mvuke wa kahawa umempata. Wanaume wakaona, na kila mmoja akatafuta pa kushika.

— Lakini Kidoti hana koti, alisema Chaji.

— Wala kwenu hakuna geti, shemeji, alisema Breki. Kuna mlango tu, tena wa mbao.

— Na mimi nikiwa hapa, alisema Soli, yule mtoto hatatembea pekupeku. Hilo liandike.

— Nitamnyoa mimi, alisema Kinyozi. Sitaacha nywele zimfike machoni.

— Ahsanteni, alisema Mama Kidoti. Ahsanteni sana.

Wakati huo pazia likasogea. Mama mkwe wa Kinyozi alitoka akijishikilia kiti cha kunyolea, kanga imefungwa vizuri, uso umekunjamana kwa mto. Wanaume watatu wa benchini waliinuka kwa pamoja. Kinyozi alimshika kiwiko, Breki akamwachia pake, akaketishwa karibu na Mama Kidoti. Akapewa kahawa ya mwisho iliyokuwa kwenye birika. Akanywa kidogo, akapumua.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Nimewasikia toka kule. Siku hizi silali mchana, nawasikiliza tu. Huyo mtoto wa getini nimeshamzoea. Akawatazama mmoja mmoja. Sasa niambieni. Mama yake alirudi?

Breki alimtazama Soli. Soli alimtazama Chaji. Chaji alimtazama Kinyozi, na Kinyozi akageuka nyuma, akaitazama televisheni yake kwa mara ya kwanza, akakuta watu wengine kabisa wanapigana juu ya daraja.

— Alirudi, hakurudi? aliuliza tena yule bibi.

— Huko hatujafika, mama, alisema Kinyozi.

Mama Kidoti aliinuka. Aliwashukuru tena, akamsogezea yule bibi mkunjo wa kanga begani, akaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta na simu yake. Walimsikia akisema ndiyo, nitakuja. Kisha wakamsikia akiuliza, dada, Ijumaa basi la kurudi huku linaondoka saa ngapi? Akaomba arudiwe, akalisema jibu kwa sauti ili asilisahau.

Ijumaa ya kwanza basi liliharibika njiani, akafika Jumamosi mchana, na Kidoti akampokea mkoba.